Kamera iliyongoja Mei katika mji wa Kodak

Mji wa Rochester, katika jimbo la New York nchini Marekani, umekaa kando ya Mto Genesee, muda mfupi kabla mto huo haujamwaga maji yake Ziwa Ontario. Katikati ya mji, mto unaanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ya High Falls, yenye kimo cha karibu mita 30. Nguvu ya maji hayo ndiyo iliyozungusha vinu vya ngano vya zamani, na mji ukaitwa Mji wa Unga. Kilichoupa jina duniani kote, hata hivyo, ni picha. Kampuni ya Kodak ilizaliwa hapa, na mwaka 1982 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000 katika mji huu na viunga vyake.

Leo majengo mengi ya kampuni hiyo yamebomolewa au yana wapangaji wengine. Lakini ukipita mitaa ya makazi mwishoni mwa kiangazi, utaona meza za vitu vikuukuu mbele ya nyumba: sahani, viatu vya watoto, na mara kwa mara kamera ya babu wa mtu.

Kwenye meza ya namna hiyo ndipo baba mmoja wa watoto watatu alipoikuta kamera yake, kwa dola 10. Alizaliwa Kivu ya Kusini, Congo, akakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huko ndiko alikojifunza ufundi wa saa na redio. Rochester imepokea familia nyingi za wakimbizi, zikiwamo za Wacongo na Wasomali, na katika baadhi ya nyumba Kiswahili ndicho lugha ya jikoni.

Hakuinunua kwa ajili ya pambo. Mama yake, anayeishi naye, ana moyo dhaifu na macho yanayochoka. Picha za simu hazimridhishi. Anasema zinapita kama gari. Aliwahi kuwa na picha moja ya karatasi, yeye na marehemu mumewe wamesimama mbele ya kitambaa cha studio, ikapotea njiani walipokimbia vita. Tangu hapo hajawa na nyingine.

Kamera yenyewe ni Folding Autographic Brownie namba 2, aina iliyotengenezwa kati ya 1915 na 1926. Ikifungwa inaonekana kama kijisanduku chembamba cheusi. Ukivuta kifuniko cha mbele, lenzi inatoka ikifuatwa na mvukuto wa ngozi, kama kinanda cha mkono kinapovutwa. Mgongoni ina kidirisha kirefu ambacho mpiga picha alikifungua na kuandika tarehe juu ya filamu kwa kijiti cha chuma. Mwaka 1914 Kodak ililipa dola 300,000 kwa mvumbuzi wa wazo hilo, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Filamu maalumu ya kazi hiyo haipo tena, kwa hiyo kidirisha hicho sasa ni cha kufungwa tu. Ila filamu ya kawaida ya 120 inaingia vizuri, na bado inatengenezwa, humu humu Rochester.

Tatizo lilikuwa shata, yaani mlango unaoruhusu mwanga kuingia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukibonyeza kitufe, vipande viwili vyembamba vyeusi vilifunguka nusu, vikaganda hapo.

Shata hii ni rahisi kuliko saa ya ukutani. Mkono unapobonyeza, wenzo ndani unavuta springi. Ukifika mwisho wenzo unateleza, springi inajirudisha, na vile vipande viwili vinafunguka na kufunga. Hakuna betri wala haja ya kuikoki kwanza. Usoni kuna namba 25 na 50, maana yake sehemu moja ya 25 au ya 50 ya sekunde, na herufi mbili: B, inayobaki wazi muda wote kidole kinapobonyeza, na T, inayofunguka kwa mbonyezo mmoja na kufunga kwa wa pili.

Fundi saa alifanya kosa la fundi saa. Alifungua lenzi ya mbele kwa vidole, akaweka tone la mafuta ya cherehani. Katika saa, tone moja huokoa kazi. Katika shata, mafuta ndiyo ugonjwa. Vipande hivyo vinatakiwa viwe vikavu kabisa, kwa sababu utando wowote wa mafuta unavigandisha kama vioo viwili vilivyolowa. Baada ya tone lile havikufunguka hata nusu.

Dawa yake ni petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya utambi. Inayeyusha grisi ya zamani, kisha inakauka bila kuacha kitu. Chupa aliinunua Januari, na hapo ndipo kazi iliposimama.

Majira ya baridi Rochester si ya mchezo. Theluji ya msimu mmoja, ukiijumlisha, huzidi mita 2, na madirisha hufungwa kuanzia Novemba. Nyumba hiyo ina jiko la gesi, na binti wa miaka tisa, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake tochi, ana pumu. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na unaweza kudaka moto wa jiko. Kwa mtoto mwenye pumu, unachokoza njia za hewa hata kabla ya kufika huko. Baba alifungua chupa jioni moja, binti akaanza kukohoa, chupa ikafungwa.

Uamuzi huo haukuwa mwepesi kama unavyosomeka. Februari bibi alilazwa siku nne, miguu imevimba, na mwanawe alirudi kutoka hospitali akaitoa ile chupa tena mezani. Mkewe akaichukua, akaipandisha juu ya kabati la koridoni.

Aliiacha katika chupa yake ya dukani, na hilo lina maana kwa mzazi yeyote, awe Rochester au Kigoma. Petroli au mafuta ya taa yakihamishiwa chupa ya soda, mtoto ataona soda. Akimeza, hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu, ndiyo maana hatakiwi kutapishwa. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa iende naye.

Wakati wa kungoja, baba na binti walifanya kazi zisizo na harufu. Waliingiza tochi ndani ya mvukuto usiku, taa zimezimwa, wakatafuta matundu. Walikuta mawili kwenye kona, madogo kama ncha ya sindano, wakayaziba kwa rangi nyeusi. Jumamosi moja walikwenda East Avenue, kwenye nyumba ya George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, ambayo sasa ni makumbusho. Binti alisimama muda mrefu chini ya kichwa cha tembo kilichotundikwa katika ukumbi wa mimea. Eastman alipenda kuwinda, na mwaka 1926 alifika hadi Kenya.

Mtu huyo aliacha shule akiwa na miaka 14 ili kumsaidia mama yake mjane. Mwaka 1900 kampuni yake ilitoa kamera ya Brownie kwa dola moja, bei ambayo hata mtoto angeweza kuidunduliza. Kisha, jambo ambalo husimuliwa kwa nadra, mwaka 1917 kituo cha meno alichokifadhili kwa ajili ya watoto wa familia zisizo na uwezo kilifunguliwa Rochester. Baadaye alifadhili vingine London, Rome, Paris, Brussels na Stockholm.

Mei ilifika na maua ya lilaki, madogo ya zambarau, yenye harufu inayojaza bustani ya Highland Park na kuleta watu kutoka miji ya mbali. Bibi alikuwa bado yupo, ingawa ngazi zilimshinda.

Kazi ilifanyika kibarazani, binti akiwa hatua kadhaa upande upepo unakotokea. Baba alilowesha kijiti cha pamba, akapitisha juu ya vile vipande, akabonyeza wenzo mara 20, akaacha vikauke. Pamba ilitoka na weusi. Akarudia mpaka pamba ya sita ikatoka safi. Shata ikalia tik, kavu, kama mdomo wa ndege.

Binti aliipima kwa simu, akirekodi video ya fremu 240 kwa sekunde. Kwenye namba 25 mlango ulipaswa kuonekana wazi kwa fremu kumi hivi. Alihesabu 13. Uvivu kidogo, lakini kwa mashine ya umri wa karne, filamu itavumilia.

Bibi aliketi kivulini, kanga mbili, mikono magotini. Aliambiwa asitikisike, naye akauliza kama kupumua kunaruhusiwa.

Filamu hutoa picha nane. Iliporudi kutoka kusafishwa, tano zilikuwa nzuri, mbili zilipandana kwa sababu baba alisahau kuzungusha, na moja iliungua ukingoni kwa tundu la tatu ambalo hawakuliona. Hiyo ya mwisho ndiyo bibi aliyoichagua, kwa kuwa ndiyo pekee anayocheka. Ameiweka ndani ya Biblia yake, na mwanawe anatafuta rangi nyeusi zaidi.