Kwa Nini Pamba Iliachwa na Mpunga Ukabaki?

Mimi ni mwalimu, na mara nyingi hupita katika njia ya Kasongo na Kabambare. Humo njiani wazee wamenionyesha mahali palipokuwa na mashamba ya pamba. Leo pana mihogo, karanga na mpunga. Je, baba zetu walikuwa wavivu, kama walivyosemwa na mabwana wa zamani?

Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, alimtia panya katika sanduku lenye kijiti cha kugandamizwa. Kila alipokigandamiza, chakula kilidondoka. Basi akazidi kukigandamiza. Chakula kilipokoma, naye akaacha polepole. Skinner aliyaeleza hayo katika kitabu mwaka 1938. Mtu si panya, anayo akili na hiari. Lakini naye hukumbuka kilichofuata alipotenda jana.

Sasa itazameni pamba. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka sheria ya kulima kwa lazima. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa, na gerezani fimbo ya ngozi ilimngoja. Aliyekubali alitaabika miezi mingi, akaupeleka mzigo sokoni, akalipwa kidogo kwa bei iliyopangwa na wengine. Hapo hakujifunza kupenda pamba, bali kuikwepa adhabu. Na adhabu ina njia nyingi za kukwepwa, kama vile kupalilia siku ile tu apitayo msimamizi. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na shuruti ikalegea, pamba ilipungua upesi katika Kongo nzima.

Mpunga ulikuja na Waungwana waliokaa Kasongo kabla Wabelgiji hawajauteka mji ule mwaka 1893. Kweli, baadaye nao ulilimishwa kwa nguvu. Lakini mwenye kuuvuna aliweza kuupika nyumbani kwake, watoto wakashiba. Kwa hiyo haukuhitaji askari wa kuulinda.

Ninyi wazazi, mtoto akiungama kwamba amevunja chungu, akapigwa papo hapo, siku nyingine atasema ni mbuzi aliyekivunja. Na mwanafunzi atokaye mbali, akijua kuwa mchelewaji huchapwa, hajifunzi kuwahi. Hujifunza kujificha njiani mpaka wenzake watoke. Mmoja wa namna hiyo nimempa kazi ya kupiga kengele ya asubuhi. Sasa hufika shuleni kabla yangu. Muhula ujao kengele itapewa mwingine. Hapo ndipo nitakapomtazama vizuri.