Ufa Ulio Chini ya Rangi

Andiko letu leo ni Isaya 30:13. Fungua Biblia yako usome polepole. Nabii analinganisha uovu wa watu wake na ufa kwenye ukuta mrefu. Ukuta bado umesimama, watu wanapita chini yake, watoto wanacheza kivulini mwake. Halafu siku moja unaporomoka, na kila mtu anauliza, "Mbona ghafla hivi?" Kuanguka ndiko kulikuwa kwa ghafla. Ufa wenyewe ulikuwapo siku nyingi.

Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kamenu ameniruhusu niandike habari yake bila kumtaja jina. Mwezi uliopita alinunua pikipiki ya spoti iliyotumika, ile ya kulala kifudifudi juu ya tangi. Ni akiba ya miaka mitatu. Alikuwa ametafuta rekodi NTSA, na jina la mwenyewe likalingana. Lakini wapendwa, logbook husema pikipiki ni ya nani. Haisemi imepasuka wapi.

Alinijia Jumamosi. "Pasta, kesho uiombee, ndiyo niipeleke Superhighway." Nikamwambia, "Tutaiombea, kijana wangu, lakini kwanza ipite kwa fundi." Tukaenda Makongeni pamoja.

Fundi hakuanza na injini. Alitazama shingo, pale usukani unaposhikana na fremu. Akatuonyesha kituo kidogo cha chuma kinachozuia usukani usipinde kupita kiasi: kilikuwa kimebonyea. "Hii imewahi kuanguka," akasema. Kisha akaonyesha rangi. Fremu nzima ilikuwa imefifia, ila hapo shingoni rangi ilikuwa mpya, na juu yake stika.

Akabandua stika, akakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana. Akapaka mafuta ya taa. Tukangoja kama nusu saa, tukinywa chai. Akapangusa pakakauka kabisa, halafu akasugua chaki nyeupe juu yake. Wapendwa, mstari ulijitokeza wenyewe. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya ufa yalirudi nje yakailowesha chaki, na tukaona ufa wa urefu wa kidole, mwembamba kama unywele. Hakuna aliyeuchora. Mafundi wa reli wa zamani walikuwa wakipima vyuma vya treni kwa njia hiyo hiyo.

Kijana akauliza kama inaweza kuchomelewa. Fundi akamjibu kwa upole. Fremu za pikipiki nyingi za aina hiyo ni za alumini iliyopewa nguvu kwa joto maalum kiwandani. Ukiichomelea, pale pembeni mwa kiungo nguvu hiyo inapotea. Tena alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ngozi nyembamba iliyoifunika huyeyuka ikipita nyuzi 2,000. Asiyejua kazi hiyo atakuonyesha kiungo kinachong'aa, kumbe ndani hakijashikana. Na kila ukishika breki kwa nguvu, mzigo wote unakimbilia hapo shingoni. "Ikikatika kwa mwendo wa mia moja," akasema, "hutapata nafasi hata ya kusema Yesu."

Alumini haisahau. Mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi unaichosha mpaka inapasuka. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kuelekea Johannesburg, ikipitia Entebbe hapa jirani. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Ndege hiyo hiyo, tarehe 10 Januari 1954, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu wote 35 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba aina ile ya ndege ilikuwa ikichoka mwilini kila iliporuka, mpaka nyufa zikaanza kwenye kona za matundu yaliyokatwa. Abiria hawakuona kitu. Nje ilikuwa inang'aa.

Sasa jaribu lenyewe. Yule aliyemuuzia hakushika simu tena. Na kufikia jioni kijana alikuwa na mteja kutoka Ruiru, tayari na pesa, bei nzuri. Ilibaki kupaka rangi na kurudisha stika. Hata ndugu mmoja mwamini alimwambia, "Biashara ni biashara. Mnunuzi si ana macho?"

Nilimsomesha Kutoka 21:28 na 29. Ng'ombe akimuua mtu kwa pembe zake, na mwenyewe hakujua tabia yake, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa ameonywa na hakumzuia, damu ile ni juu yake. Ng'ombe ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe sasa anajua. Nikamwambia, "Kabla ya chaki ulikuwa umedanganywa. Baada ya chaki, wewe ndiye mwenye ng'ombe."

Alilia, na sikumlaumu. Miaka mitatu si mchezo. Lakini Jumatatu alimpigia mteja akamweleza ukweli. Akauza injini, magurudumu na breki kama spea, akarudisha chini ya nusu ya pesa zake. Fremu waliikata vipande kwa grainda ili asipatikane mtu wa kuipaka rangi tena.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini kuna kuziba na kuna kupaka. Ezekieli 13 inawazungumzia manabii waliokuwa wakipaka chokaa ukuta dhaifu huku wakiwaambia watu amani ipo. Mvua iliponyesha, chokaa hakikuusaidia ukuta. Maombi yangu hayawezi kuwa chokaa chako. Siwezi kupaka mafuta juu ya stika.

Sijui ninaongea na nani leo. Kuna ndoa ambayo Jumapili inavaa vizuri, na nyumbani watu hawasemezani tangu Krismasi. Kuna mtunza hazina wa chama ambaye vitabu vyake vina rangi mpya mahali pamoja tu. Kuna mtumishi wa madhabahu anayefunika jambo kwa stika ya karama. Mithali 28:13 iko wazi: anayeficha hafanikiwi, anayeungama na kuacha hupata rehema. Roho Mtakatifu hufanya kazi kama yale mafuta ya taa. Anaingia mahali ambapo jicho halifiki, kisha analeta nje kilichokuwa ndani. Haikufanyi uwe na ufa. Ufa ulikuwapo. Anakuonyesha kabla hujafika mwendo wa mia moja.

Itakugharimu. Pengine utarudisha chini ya nusu. Lakini utakuwa hai, na aliyekuja nyuma yako atakuwa hai pia.

Tuombe: Baba, tupitishe chaki yako. Usituache tuuze tulichokijua kimepasuka. Wape wanaopanda pikipiki barabara zetu kurudi nyumbani salama. Na aliyepoteza akiba yake kwa sababu ya kusema kweli, mkumbuke. Katika jina la Yesu.

Kama Mungu amekugusa mahali, andika AMINA. Na kama unahitaji mtu wa kukaa naye uiseme, mlango wa ofisi uko wazi Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mbarikiwe.