Makorora na Mlango wa Moyo

Msafiri aingiaye Tanga kwa njia ya Segera hupokewa na mji wa baiskeli nyingi na upepo wa bahari. Akiupita Ngamiani, ambako njia huitwa kwa hesabu, Barabara ya Kwanza, ya Pili na kuendelea, haendi mbali ila yumo Makorora. Hapa nyumba zimekaribiana, jirani asikia kikohozi cha jirani, na aghalabu watoto hulala wengi chumba kimoja. Ujirani huu ni neema. Lakini kwa jambo moja wataka hadhari.

Ndugu msomaji, mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa koo kwa vijidudu viitwavyo streptokoka, asitibiwe, huenda baada ya majuma machache akashikwa na homa na maumivu ya maungo. Maungo hupona, illa moyo huweza kubaki na jeraha. Milango yake, ambayo kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi, hukakamaa au hushindwa kufunga. Maradhi haya hupenda penye msongamano, na kinga yake ni penisilini, dawa isiyo ghali.

Mlango ukiharibika sana, tabibu huuondoa na kutia mwingine wa kutengenezwa. Huko Marekani, mwaka 1960, daktari Albert Starr alitia moyoni mlango alioubuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya kazi hiyo. Zamani wengi walipelekwa India.

Lakini kurudi nyumbani siko mwisho wa safari. Mlango huo hulia kama saa, na usiku wa kimya mwenyewe huusikia. Damu huelekea kuganda juu ya kitu kigeni. Kwa hiyo humeza warfarini kila siku, umri wake wote. Dawa ikipungua, damu huganda na kuleta kiharusi. Ikizidi, damu hutoka isikome. Hapana budi damu ipimwe mara kwa mara. Mtu wa Makorora ambaye kipimo chake kiko Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 300 za kwenda, na kama hizo za kurudi. Nauli, na kibarua kilichompita siku hiyo, ndiyo bei ya uhai wake.

Jamaa nao wana sehemu yao. Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi, lakini kiasi chake kisibadilike-badilike, maana hupunguza nguvu ya dawa. Asipigwe chuku, asing'olewe jino, wala asipewe aspirini kabla tabibu wake hajajua. Na kwa binti, jambo ni zito zaidi: warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Wako wazazi wanaoficha maradhi wakichelea posa kuvunjika. Siri hiyo yaweza kuua wawili. Mume na ajue kabla ya ndoa, na tabibu aulizwe kabla ya mimba.

Ramadhani ikifika, mgonjwa aulize. Dawa hii humezwa mara moja kwa siku, hivyo wako wanaoweza kufunga kwa idhini ya tabibu. Asiyeweza, Qur'ani Tukufu katika Sura ya Baqara imempa ruhusa. Basi jirani amwonaye akinywa maji mchana asimkodolee macho.

Katika nchi nyingine, ambaye moyo wenyewe umechoka hutiwa pampu. Waya hutoka tumboni, betri huning'inia kiunoni, na mara nyingi mapigo ya mkononi hayasikiki. Haogelei baharini, na umeme ukikatika ana hofu. Mwenye mlango tu hahitaji umeme. Ahitaji dawa, kipimo na watu wa kumkumbusha.

Haya ya mwisho Makorora inayo tele. Zile kuta zilizokaribiana, ambazo hupitisha maradhi ya koo, ndizo hizo zipitishazo habari kwamba jirani hakuamka vyema. Basi mtoto akilalamika koo, apelekwe Kituo cha Afya siku ile ile. Na mwenye mlango wa kutengenezwa achangiwe nauli kabla hajaomba. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.