Ufunguo wa Tatu

Madumu matatu ya sabuni ya maji yalikaa nyuma ya mimbari ya kanisa letu dogo hapa Maganzo tangu Desemba 2022 hadi Pasaka ya mwaka uliofuata. Sabuni yenyewe ilikuwa nzuri, ya kijani, povu la kutosha. Kilichokosekana ni mnunuzi. Niliwafundisha wageni wetu kuikoroga kwa siku tatu, chaki mkononi, kana kwamba niko mbele ya darasa la tano. Kumbe Maganzo hii kila mwanamke aliyewahi kuhudhuria semina moja ya kanisa anajua kutengeneza sabuni. Ningepita sokoni na kuuliza ningeambiwa. Lakini mwalimu mstaafu kuuliza ni kazi.

Wageni wale hawakutoka mbali. Novemba 7, 2022, kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, tope likateremka hadi vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze, likafunika mashamba, malisho na nyumba. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Waliopoteza makazi wakatawanyika, huyu kwa shemeji, yule kwa jirani. Akina mama wa kanisa letu tukafagia chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, tukatandika mikeka, tukapokea familia mbili.

Asiyeijua Maganzo aelewe kwanza kwamba ni mji uliozaliwa mlangoni mwa almasi. Uko kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, na ulikua kwa sababu mwaka 1940 Mkanada John Williamson aliipata almasi ya Mwadui. Hapa kuna madalali, mafundi, mama ntilie, na vijana wanaoitwa wabeshi, wanaojipenyeza mgodini kutafuta almasi, ambao usiku wao hausemwi mchana. Kutoka Ng'wang'holo ni mwendo wa baiskeli tu. Hata hivyo mama aliyelala kule na kuamka hapa amehamia nchi nyingine. Kule mlenda alichuma nyuma ya nyumba, kuni aliokota, mtama ulikuwa ghalani. Hapa mlenda ni fungu, mkaa ni kopo, maji ni dumu, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Mtu anaweza kuwa mkulima hodari na bado akashinda na njaa Maganzo kwa sababu hajui kuipanga shilingi elfu tano ifike Ijumaa.

Hilo ndilo lililohitaji kufundishwa. Mimi nikafundisha sabuni.

Mmoja wa wageni wetu alikuwa mama wa makamo aliyekuja na mjukuu wa kike wa miaka minne. Nilimwita mayu, kama tunavyoitana huku Usukumani, naye akaniita mwalimu, na kila asubuhi alinitangulia kwa "mwangaluka" kabla sijafungua dirisha. Kaka yake alikuwa Katoro, mkoani Geita, akifanya kazi kwenye karasha la mawe ya dhahabu, na kila alipopata alimtumia chochote kwa simu. Mayu hakuwa na mazoea ya simu. Nikamwambia, "Usihangaike mayu, nipe mimi." Nikaikariri namba yake ya siri. Pesa ikiingia nakwenda kwa wakala, natoa, namkabidhi mpaka senti ya mwisho, na makato namweleza. Nilijiona mwaminifu. Nilikuwa mwaminifu kweli, na humo ndimo kosa langu lilimojificha.

Mwezi Januari nikaenda msibani Shinyanga mjini, nikakaa siku tatu. Siku ya pili mtoto akapata homa kali usiku. Simu ya mayu ilikuwa na shilingi elfu arobaini. Aliibeba hadi kwa wakala alfajiri, akasimama mbele ya dirisha, akaulizwa namba ya siri, akasema iko kwa mwalimu. Wakala akamwambia ampigie mwalimu. Mwalimu alikuwa makaburini, simu imezimwa. Dawa zikapatikana kwa kukopa kwa jirani ambaye hata jina lake mayu alikuwa hajalijua. Mtoto alipona. Niliporudi mayu hakulalamika hata kidogo, alinipokea mkoba na kunitengea maji ya kuoga. Afadhali angenigombeza.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumfukuza mtu kwa ustaarabu. Usiku ule niliigeuza upande wa pili. Jembe ni chuma chenye makali. Ukimpa mtu jembe lako unakubali kwamba anaweza kulivunja mpini, anaweza kulima tuta la hovyo, anaweza hata kung'oa mche wako akidhani ni gugu. Asiyekubali hasara hiyo hajampa mgeni jembe, amemwonyesha tu. Mimi nilikuwa nimemwonyesha mayu jembe miezi miwili.

Nikakumbuka shamba la Boazi. Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, mjane, hana kitu. Boazi alikuwa na shayiri ya kutosha kumjazia gunia na kumrudisha nyumbani. Hakufanya hivyo siku ile ya kwanza. Aliwaambia vijana wake wamwache aokote hata kati ya miganda, na wamwangushie masuke makusudi. Ruthu akainama mwenyewe, akapura mwenyewe, jioni akabeba kama efa moja, karibu debe letu hili. Nimeisikia hadithi hiyo ikihubiriwa mara nyingi kama habari ya ukarimu na ya ndoa. Sijasikia mhubiri akikaa kwenye ule mgongo ulioinama kutwa nzima, na mwenye shamba aliyejizuia asiuondolee kazi.

Kujizuia huko si jambo geni kanisani hapa Tanzania. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani, kwa makubaliano na serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lilianzisha Tanganyika Christian Refugee Service, tunayoiita TCRS, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwapokea Wanyarwanda huko Mwese, upande wa Mpanda. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipofikishwa Ulyankulu na Katumba, walipewa ardhi na zana za kufyeka pori. Walilima. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya hao na watoto wao walipewa uraia. Baadaye TCRS hiyohiyo, yenye neno wakimbizi katika jina lake, ikaja kufanya kazi na wanavijiji wa Kishapu, wilaya yetu, watu ambao hawakukimbia kokote ila ukame. Sitaki kusema mambo yote ya makambi na makazi yalikuwa mema. Nasema tu kwamba mtu aliyepewa panga na pori ana kitu cha kukosea, na aliyepewa bakuli la uji foleni hana.

Basi tukaanza upya na mayu. Kwanza namba ya siri. Niliketi naye kibarazani, nikageukia ukutani, nikamwambia aibadilishe na asinitajie. Alikosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Halafu akaenda kutoa mwenyewe, akarudi na upungufu wa shilingi elfu mbili kwa sababu hakuhesabu mbele ya dirisha. Mdomo uliniwasha. Niliingia ndani nikamenya viazi.

Kisha chakula. Tulikuwa tukiwapikia wageni, sasa tukawapa fedha ya wiki nzima siku ya Jumatatu. Wiki ya kwanza mayu alinunua nyama siku ya kwanza na Alhamisi wakala ugali na chumvi. Kuna dada mmoja wa kanisa alikuja kwangu analia kwamba tunawatesa wageni wa Bwana. Sikuwa na jibu zuri. Wiki ya tatu Ijumaa ilikuta dagaa bado wapo kwenye kopo. Kufikia Machi, mayu ndiye aliyekwenda na mgeni mwingine kuzungumza na mwenye nyumba, wakamshusha kutoka kodi ya miezi mitatu hadi mwezi mmoja na nusu. Mimi sijawahi kumshusha mwenye nyumba hata siku moja.

Kilichotugawa ni sanduku. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina sanduku la bati lenye makufuli matatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mama aliyeshika ufunguo wa tatu alihamia Kahama. Nikapendekeza mayu, aliyekuwa amenunua hisa kila wiki bila kukosa. Kikao kilichemka. "Mgeni ashike ufunguo? Akiondoka nao kesho?" Mama mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: kati yetu ni nani ambaye hataondoka Maganzo kamwe. Kura zikapigwa, mayu akapita kwa tofauti ya kura mbili. Aliufunga ufunguo kwenye ncha ya khanga yake, na sijapata kumwona mtu akitembea hivyo, kana kwamba khanga ile ilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia.

Mwaka uliofuata kaka yake aliumia mguu, mayu akaitwa aende Katoro ghafla usiku. Aliondoka na basi la alfajiri, na ufunguo ukaenda naye kwenye khanga. Alipiga simu kesho yake, akasema ameukuta anapofungua nguo, anautuma kwa kondakta. Siku ya kwanza tukangoja. Siku ya pili waliokuwa wamepiga kura ya hapana wakaanza kutazamana. Mimi, niliyempigia debe, nilisema tungoje hadi Ijumaa, lakini nilisema kwa sauti ndogo.

Kufuli la tatu tulilikata kwa msumeno wa chuma siku ya Jumanne. Hesabu ilikuwa kamili. Ufunguo ulifika Alhamisi, umefungwa kwenye karatasi ya daftari, pamoja na hela ya hisa yake ya wiki ile.