Weusi wa Mtutu

Babu alipofariki kijijini Mpwapwa, sheria ilitutaka tuisalimishe polisi bunduki yake ya mitutu miwili. Usiku ule binamu akaleta msasa.

"Tuing'arishe bwana, imechakaa!"

Nikamshika mkono. We, weusi ule si uchafu! Fundi wa zamani aliacha chuma kishike kutu nyekundu, akakichemsha majini mpaka kutu ikageuka nyeusi, akasugua kwa brashi, akarudia tena na tena. Kutu ndiyo ikawa kinga. Peupe palikuwa pamoja tu: pale kiganja cha Babu kilipoishika miaka yote akiwinda kanga. Ukipiga msasa, yote inakuwa nyeupe, na Babu anapotea.

Asubuhi tuliikabidhi vilevile. Stakabadhi ilisema: bunduki moja, kuukuu.

Hayo mengine nayaandika mimi.