Kupima na Kujua

Kupima si sawa na kujua. Mzani wa sokoni humwambia mnunuzi uzito wa kapu, lakini haumwambii kama ndani mna mchele mtupu au mchele na mawe. Neno hili, jepesi sokoni, huwa zito katika maabara, hasa pale kinachopimwa kinapokuwa uharibifu wa moyo.

Kila seli ya moyo imezungushiwa utando wa mafuta, na ndani yake mna mitokondria, vinu vya nguvu vyenye tando zao wenyewe. Samli ikikaa wazi muda mrefu huchacha ikatoa uvundo, kwa sababu oksijeni imeyaingilia mafuta yake. Jambo la namna hiyo hutukia katika tando za moyo, hasa damu inaporudi kwa ghafula mahali ilipokuwa imezuiwa. Radikali moja huyanyang'anya mafuta hidrojeni. Mafuta yaliyonyang'anywa nayo huwanyang'anya jirani zao, na msiba ukaenea kama moto katika paa la makuti. Mwishowe utando huvuja.

Kiasi cha hasara hiyo kitajulikanaje? Njia iliyozoeleka zaidi ina asili yake katika mwaka 1944, Kohn na Liversedge walipoona tishu ya ubongo ikitoa rangi pamoja na asidi ya thiobabituriki. Nyama ya moyo husagwa, hutiwa asidi hiyo, hupashwa moto, na rangi ya waridi hutokea. Rangi husomwa kwa nuru ya nanometa 532, kisha wingi wake aghalabu huandikwa kuwa ni wingi wa malondialdehaidi, mabaki ya mafuta yaliyovunjika. Njia hii ni rahisi na gharama yake ni ndogo.

Lakini wepesi wake una deni. Kwanza, asidi ile haichagui: sukari na vitu vingine huweza kutoa rangi inayoshabihi ile. Pili, moto huweza kuyaharibu mafuta yaliyokuwa mazima, kipimo kikazaa sehemu ya kile kilichokuja kukitafuta. Tatu, na hili ndilo kubwa, malondialdehaidi hutoka hasa katika mafuta yenye viungo maradufu vitatu au zaidi, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili. Mafuta yanayoitambulisha mitokondria ya moyo ni kadiolipini, ambayo Mary Pangborn aliitenga katika moyo wa ng'ombe, huko Marekani, mwaka 1942. Kadiolipini ya moyo ina minyororo minne, na mara nyingi yote ni ya asidi ya linoleiki, yenye viungo maradufu viwili tu. Basi mafuta ambayo moyo huyategemea sana huweza kuharibika, na rangi isiseme neno.

Njia nyingine zimepatikana. Isoprosteni, zilizoelezwa mwaka 1990, huaminiwa zaidi. Lakini zile zipimwazo sana huzaliwa na asidi ya arakidoniki, hivyo hazishuhudii yaliyoipata linoleiki. Mashine zipimazo uzito wa molekuli huweza kuitambua kadiolipini iliyoharibika yenyewe, ila ni ghali, na sampuli isiyohifadhiwa vema huendelea kuharibika kabla ya kuzifikia.

Mgonjwa hayuko mbali na mambo haya. Mwaka 2000 uchunguzi mkubwa uitwao HOPE, wa watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, ulionyesha kwamba vitamini E, iliyotarajiwa kuyakinga mafuta, haikuwapunguzia mshtuko wa moyo wala vifo. Toka bomba la kioo hadi kifua cha mtu ni safari ndefu, na anayeianza kwa namba asiyoielewa huweza kuwapoteza wengi wanaomfuata.

Mtafiti mwaminifu haitupi njia ya zamani. Huipa kazi inayoiweza, akaita na mashahidi wengine. Katika daftari lake haandiki malondialdehaidi pale alipoona waridi tu. Huandika: vitu vilivyoitikia asidi ya thiobabituriki. Jina hilo ni refu wala halina fahari, lakini halidai zaidi ya kile kilichoonekana. Na elimu iliyojengwa juu ya madai ya kiasi hicho haiogopi kupimwa tena.