Kusikiliza tairi la mbele

Mwaka wetu wa kichungaji ulitupeleka kwenye milima ya Usambara. Tulikuwa mafrateri wawili na pikipiki moja ya parokia, tukipokezana kwenda vigangoni. Tulidhani tunajua kuendesha, kumbe tulijua kwenda mbio tu kwenye barabara iliyonyooka.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, tulimwangusha katekista. Hatutasema ni nani kati yetu aliyeshika usukani, maana wote tuliendesha namna ile ile: tuliingia kwenye kona kwa kasi, tukashtuka, tukabana breki ya mbele huku pikipiki imelala. Tairi la mbele likateleza. Katekista akavunjika mkono, na msimu wa kulima ulikuwa umeanza.

Aliyetufundisha upya ni mzee mmoja wa bodaboda. "Mafrateri," alisema, "mnaubana usukani kama mnaunyonga. Tairi likisema, mtasikiaje?" Akatueleza kwamba nguvu ya tairi kushika barabara ina kikomo, nayo hugawanywa kati ya breki na kona. Ukiitumia yote kwa breki, ya kukata kona haibaki. Kwa hiyo breki hushikwa mapema, pikipiki ikiwa bado wima, tena kidogo kidogo, ili uzito uje mbele na tairi likandamize lami. Kisha huachiliwa taratibu kadiri pikipiki inavyolala.

Tulijifunza kubana tangi kwa magoti na kulegeza mikono. Hapo ndipo tulipoanza kusikia. Tairi likishika vizuri, usukani huwa na uzito fulani viganjani. Likikaribia kikomo, usukani huwa mwepesi ghafla, kama kamba ya kisima ndoo inapokatika. Penye mchanga au maji, wepesi huo huja mapema zaidi. Tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi dereva hujinasua. La mbele husamehe mara chache.

Kila Jumamosi tulikwenda kumlimia katekista shamba lake. Hakutulaumu hata siku moja. Mkono ulipopona, alikubali kupakiwa tena. Tulipoikaribia kona ile, alitushika mabega kwa nguvu, wala hakusema neno. Tukapunguza mwendo mapema, tukalegeza viganja, tukasikiliza. Tulipopita kona ya tatu, naye alikuwa ameanza kulegeza vidole.